Jani, Kiazi, Raba, Linoleum au Mbao: Chapa Ipi Inafaa Kitambaa Utakachoshona?

Ukishaamua kuchapa kwa mkono wako kitambaa cha mkoba, foronya au gauni, tena kwa majani, mbegu na ndege unaowapenda, linabaki swali moja ambalo huwakwamisha wengi: chapa yenyewe itengenezwe kwa kitu gani? Wapo wanaoshikilia kwamba mbao ndiyo chapa ya kweli. Wapo wanaosema tangu raba laini ipatikane hakuna haja ya kujichosha. Wengine huchuma jani, hulipaka rangi, na kazi huwa imeisha.

Wote wana haki kwa kitambaa chao. Tatizo ni kwamba swali hujibiwa kwa kuitazama chapa peke yake, wakati kinachopaswa kuamua ni kile kitakachoshonwa: ukubwa wake, mishono yake, mara ngapi mchoro utarudiwa juu yake, na kitafuliwa mara ngapi. Hapa nimezipanga njia tano na kuzipima kwa vigezo vile vile.

Vigezo vyenyewe

Mchoro ndio kigezo cha kwanza. Asili hutupa mambo matatu ya kuchapa. Kuna kivuli cha umbo, kama ukingo wa jani la mpapai ulivyokatikakatika. Kuna mstari: mishipa ya jani, unyoya, mguu wa ndege. Na kuna uso wa kitu, ule ukwaruzo wa gome au ganda la mbegu. Hakuna chapa inayotoa yote matatu kwa ubora mmoja, kwa hiyo jiulize mapema ni lipi lililokuvutia kwenye ua au jani lako.

Kigezo cha pili ni kurudia. Mbele ya mkoba panaweza kutosha alama tano. Lakini mita tatu za kitambaa chenye upana wa sentimita 140, zikijazwa kwa chapa ya sentimita 10 kwa 10 bila kuacha nafasi, zinadai alama 420. Chapa inayochoka baada ya alama ishirini haina nafasi hapo, hata kama alama hizo ishirini ni nzuri mno.

Halafu kuna vifaa na muda: unahitaji nini mkononi, kuchonga kunachukua muda gani, na kuna hatari gani kwa vidole.

Cha nne ni mguso na ushonaji, na hiki ndicho kigezo ambacho wachapaji wasioshona hukisahau. Rangi ya kitambaa hubeba gundi ambayo huishikilia juu ya nyuzi. Ikipakwa nzito, kitambaa hukakamaa, sindano ya mkono hugoma, na mkunjo wa pindo haulali vizuri. Chapa zinatofautiana sana katika kiasi cha rangi zinachoacha nyuma.

Mwisho, kila njia nitaitajia mtu inayemfaa.

Ili mizani iwe sawa, nimechukulia kwamba kitambaa ni pamba au kitani, na rangi ni ile ya kitambaa yenye asili ya maji, inayokazwa kwa pasi. Amerikani na bafta ni vitambaa vizuri vya kuanzia kwa sababu uso wake ni tulivu na nyuzi zake hunywa rangi. Kitambaa chochote kipya kifuliwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, bila kilainishi cha nguo. Kuna sababu mbili: wanga na dawa za kiwandani huzuia rangi kushika, na pamba ambayo haijafuliwa inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5. Ukichapa kwanza ukafua baadaye, mchoro wako husinyaa pamoja na kitambaa, na vipande ulivyokata kwa kipimo havikutani tena.

Jani halisi

*Mchoro.* Kwa mishipa, hakuna kisu kinachoweza kushindana na jani lenyewe. Paka rangi upande wa chini, ule ambao mishipa imetokeza, na utapata ramani nzima ya jani hadi vijishipa ambavyo jicho lilikuwa halijaviona. Majani yenye mishipa mikavu na iliyoinuka hutoa alama safi. Yale manene yenye nta, au laini kama ya mchicha, hutoa madoa. Ukomo wake uko wazi: ukubwa ni ule ule wa jani, na huwezi kuliongezea ndege wala kulipunguzia tawi.

*Kurudia.* Jani imara huvumilia alama kadhaa kabla ya kulegea na kuchanika kwenye kikonyo. Kila alama hutofautiana na iliyotangulia, kwa hiyo anayetaka safu zilizonyooka za maumbo yanayofanana atakereka. Anayetawanya majani kama yalivyoanguka atafurahi. Chuma mengi ya ukubwa unaokaribiana kabla hujaanza.

*Vifaa na muda.* Sponji au rola ndogo, karatasi chakavu, na kitabu kizito. Laza majani ndani ya kitabu usiku mmoja yanyooke, lakini usiyaache yakauke, maana jani kavu hupasuka mara ya kwanza tu. Paka rangi nyembamba, laza jani juu ya kitambaa rangi ikiwa chini, funika kwa karatasi, kisha bonyeza kwa vidole kutoka mshipa mkuu kwenda ukingoni. Liinue kwa kikonyo. Jihadhari na mimea yenye utomvu mweupe. Mingi huwasha ngozi na kutia kitambaa madoa.

*Mguso na ushonaji.* Hapa jani ndilo lenye alama nyepesi kuliko zote. Rangi hukaa kwenye mishipa tu, kitambaa kinabaki laini, na sindano hupita bila kuhisi kitu. Kwa kazi ya kutonea kwa mkono, yaani kupitisha mishono midogo kwenye tabaka za kitambaa na pamba, hii ni faida kubwa, hasa kwa kuwa mishipa yenyewe inaweza kufuatwa kwa uzi. Kwa kuwa jani haliendelei upande wa pili wa mshono, ni vizuri kukata kipande kwanza, kuchora mstari wa mshono kwa chaki, na kuchapa ndani ya mstari huo.

*Inamfaa nani.* Anayetengeneza kitu kimoja cha kipekee. Anayeshona na watoto. Na yeyote anayetaka mmea fulani uonekane ulivyo hasa, labda mmea wa bustani aliyoipanda mwenyewe.

Kiazi

*Mchoro.* Kivuli cha umbo na basi. Tone, mbegu, ukindu wa jani, jua, samaki mnene. Mstari mwembamba ukiuchonga kwenye kiazi utavunjika au kujaa rangi.

*Kurudia.* Siku moja ya kazi. Kikifungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi kinaweza kufika kesho yake, lakini kingo zitakuwa zimeanza kusinyaa. Kama mchoro unahitaji kurudi mwezi ujao, hifadhi kiolezo cha karatasi ili ukate kingine.

*Vifaa na muda.* Kisu kirefu chenye makali na dakika chache. Siri yote iko kwenye mkato wa kwanza: pasua kiazi kwa pigo moja lililonyooka, kwa sababu uso uliokatwa kwa kusitasita una mabonde, na mabonde hayachapi. Kisha kikaushe kwa kitambaa, na urudie kukikausha kila baada ya muda, kwa kuwa maji yake huendelea kutoka na kuipunguza rangi nguvu.

*Mguso na ushonaji.* Umbo lililojaa huacha rangi nyingi mahali pamoja, hivyo paka kwa sponji nyembamba, usichovye kiazi kwenye sahani ya rangi. Usiweke umbo kubwa lililojaa pale ambapo tabaka nyingi zitakutana, kama kwenye kona ya mkoba.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kujaribu rangi na mpangilio kabla ya kuchonga kitu cha kudumu. Kwa kazi hiyo nakipendekeza kwa moyo wote, hata kwa mtu mwenye mbao nzuri kabatini.

Raba laini ya kuchongea

*Mchoro.* Hapa ndipo mtu anapoanza kuchora anachotaka mwenyewe. Raba hii ni nyororo, haina nyuzi wala mwelekeo, kwa hiyo kisu chenye ncha ya V hugeuka kirahisi kwenye mikunjo ya petali au mbawa. Mistari ya kati hutoka safi. Ile myembamba sana hutoka pia, lakini kwa kuwa raba inapinda, mstari mwembamba uliosimama peke yake hulala ubavu ukibonyezwa, na alama huwa nene kuliko ulivyochonga. Kinga yake ni kuchonga kuta zikiwa na mteremko kuelekea nje, ili kila mstari uwe na msingi mpana. Ukilaza kisu kikaingia chini ya mstari, utaumega.

Kuhamisha mchoro ni rahisi ajabu. Chora kwenye karatasi kwa penseli laini, laza karatasi kifudifudi juu ya raba, sugua kwa ukucha au kijiko. Mchoro huhamia ukiwa umegeuka, na chapa itaugeuza tena, hivyo ndege wako atatazama upande ule ule uliomchora. Kwa jani upande si kitu. Kwa herufi, konokono au ua linaloinama ni jambo la kuangalia.

*Kurudia.* Mamia ya alama bila tatizo ikiwa inaoshwa kwa maji vuguvugu baada ya kazi na kuwekwa mbali na jua na joto. Maadui wake ni vitu vya kusafishia rangi ya mafuta, ambavyo huilainisha na kuiharibu. Igandishe kwenye kipande cha mbao, au bora zaidi kwenye plastiki ngumu iliyo angavu, ili uone alama iliyotangulia unapoweka inayofuata. Raba iliyoachwa bila mgongo hupinda mkononi na mistari ya mchoro haikutani.

*Vifaa na muda.* Kisu cha kuchongea chenye ncha mbili au tatu za kubadilisha. Jani la kawaida huisha kwa jioni moja. Raba ya kufutia penseli nayo huchongeka, na kwa mbegu au matone madogo inatosha kabisa. Kwa kuwa haihitaji nguvu, hatari ya kujikata ni ndogo, ingawa kanuni haibadiliki: mkono unaoshika ukae nyuma ya kisu daima.

*Mguso na ushonaji.* Huacha tabaka sawasawa na la wastani. Kwa foronya, aproni, mifuko na nguo za kuvaa kitambaa hubaki chepesi, mradi umbo lisiwe limejaa mno. Ukiwa na jani pana, chonga mishipa mingi ndani yake. Mbali na uzuri, kila mstari uliochongwa ni mahali ambapo rangi haitakaa na kitambaa kitabaki laini.

*Inamfaa nani.* Mshonaji wa nyumbani anayetaka michoro yake mwenyewe, vitu kumi hadi hamsini vinavyofanana, na muda mdogo wa kujifunza.

Linoleum

*Mchoro.* Linoleum ilianza kama zulia la sakafuni. Mwingereza Frederick Walton aliisajilia hataza mwaka 1863. Ni mafuta ya kitani yaliyoganda, yaliyochanganywa na unga wa gome la mwaloni wa Ulaya liitwalo koki au unga wa mbao, juu ya mgongo wa gunia. Ugumu wake ndio sifa yake: mstari mwembamba husimama wima haupindi. Manyoya ya shingo ya ndege, nywele za mbegu zinazopeperuka, mwanga upitao kati ya matawi, vyote hivi hutoka kwa ukali ambao raba haiufikii.

*Kurudia.* Hudumu mamia ya alama na zaidi, lakini huzeeka. Linoleum ya siku nyingi hukauka na kumeguka chini ya kisu, kwa hiyo nunua unayoihitaji na uichonge mapema. Ikiwa ngumu, iweke juani kidogo au ipitishie pasi ya uvuguvugu juu ya karatasi. Ikipata joto hulainika.

*Vifaa na muda.* Visu ni vile vile vya raba, ila sasa mkono hutia nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Tumia ubao wenye ukingo wa kuzuia kipande kisisogee. Kabla ya kuchora, sugua uso kwa msasa laini sana, kwa sababu uso wake wa kiwandani huikataa rangi ya maji na kuiacha ikijikusanya kama umande. Wachapaji wengi wa linoleum hupenda wino wa mafuta, unaotandazwa kwa rola. Wino huo hutoa alama kali na hustahimili kufuliwa, lakini huchukua siku kadhaa kukauka, wakati mwingine wiki nzima. Kwa mtu anayetaka kushona kesho, hilo peke yake linaweza kuamua.

*Mguso na ushonaji.* Wino ukitandazwa vizuri kwa rola huwa tabaka jembamba sana, na mguso ni mzuri. Ugumu wa linoleum unadai mgandamizo: bonyeza kwa uzito wa mwili, gonga kwa nyundo ya raba, au simama juu yake kwa mguu.

*Inamfaa nani.* Mchoraji. Anayethamini mstari kuliko kasi, na anayechapa vipande vyenye picha moja kubwa katikati, kama mgongo wa koti, uso wa mto, au kitambaa cha kutundika ukutani.

Mbao

*Mchoro.* Hii ndiyo chapa yenye historia ndefu na uwezo mpana. Katika jimbo la Rajasthan nchini India, miji ya Bagru na Sanganer inajulikana kwa vitambaa vilivyochapwa kwa mbao zilizochongwa maua, matawi na maembe. Mti unaopendwa ni mgumu, kama msaji. Mchoro mmoja hugawanywa katika chapa kadhaa: moja ya mistari ya nje, nyingine ya kujaza rangi ndani, nyingine ya mandhari ya nyuma, na kila rangi hupata mbao yake. Nchini Uingereza, mbunifu William Morris alichapa vitambaa vyake vya bustani kwa mbao katika karakana ya Merton Abbey, alikohamia mwaka 1881. Kile kiitwacho Strawberry Thief, chenye ndege wanaoiba matunda bustanini, ni cha mwaka 1883. Yeyote anayedhani chapa ya mkono ni ya maumbo mepesi tu na akiangalie kitambaa hicho.

Lakini kazi ile ilitoka kwenye mikono iliyofunzwa kwa miaka. Mbao ina nyuzi, na nyuzi zina mwelekeo. Ukichonga kwa kuzifuata, kisu huteleza mbele kuliko ulivyokusudia. Ukizikatiza, kingo humegeka. Anayeanza atapata majani manene na mistari minyoofu. Mshipa wa jani uliopinda na mwembamba kama uzi utamsubiri.

*Kurudia.* Maelfu. Hakuna mshindani hapa. Mbao zilizotengenezwa vizuri huwa na matundu madogo yanayopita hadi mgongoni, ili hewa na rangi iliyozidi vipate pa kutokea. Mafundi wa India huziloweka kwenye mafuta kwa siku nyingi kabla ya kuzitumia, zisije zikapasuka au kupinda. Matunzo yako wewe ni mepesi: safisha kwa brashi laini na maji machache mara tu unapomaliza, usiziache ndani ya beseni, na zikaushe zikiwa zimesimama kivulini.

*Vifaa na muda.* Ukichonga mwenyewe, patasi kali, nyundo ya mbao, kibano cha kushikia na siku kadhaa. Njia nyingine ni kununua iliyokwisha kuchongwa, na sioni aibu yoyote katika hilo. Mchoro ni wa fundi mwingine, lakini mpangilio, rangi na mshono ni vyako. Unaponunua, laza uso wake juu ya kioo. Ikiyumba, imepinda, na sehemu ya mchoro haitagusa kitambaa kamwe. Angalia pia kama kuna rangi kuukuu iliyogandamana kwenye mifereji.

Mbao hairoliwi rangi kama linoleum. Tandaza sponji bapa au kipande cha sufu kwenye trei, kinyweshe rangi, na ugonge chapa juu yake kidogo mara mbili, kila mara ukiigeuza upande, ndipo upeleke kwenye kitambaa.

*Mguso na ushonaji.* Huu ndio uwanja wake: kitambaa cha mita nyingi, kilichochapwa kabla ya kukatwa, mchoro ukipita mishononi bila kukatika. Mbao yenye kingo zilizopimwa vizuri hukaa kando ya alama iliyotangulia bila kukisia. Ukishusha kila safu ya pili kwa nusu ya urefu wa chapa, jicho halioni tena miraba, linaona bustani. Kwa umbo lililojaa mbao huelekea kuacha mabaka. Ulaya walizoea kujaza maeneo makubwa kwa sufu iliyobandikwa ndani ya mchoro ili yashike rangi sawasawa, na mistari myembamba kwa vipande vya shaba nyeupe au nyekundu.

*Inamfaa nani.* Anayechapa mapazia, mashuka, magauni au kitambaa cha kuuza. Na anayetaka chapa itakayokuwepo muda mrefu.

Meza nayo ina kauli

Watu wengi huacha njia fulani wakisema haifanyi kazi, kumbe kosa lilikuwa chini ya kitambaa. Chapa ngumu inataka meza laini, na chapa laini inataka meza ngumu. Mbao na linoleum zikichapwa juu ya meza tupu hugusa sehemu zilizoinuka tu na kuacha mapengo. Zitandikie blanketi lililokunjwa na shuka juu yake, alama itajaa. Raba ikichapwa juu ya blanketi hilo hilo huzama, na kingo za mifereji ambazo hazikupaswa kuonekana huacha michirizi. Iwekee karatasi chache tu juu ya meza. Kiazi kiko upande wa raba. Jani halichagui sana, kwa kuwa kidole chako ndicho kinacholifuata.

Jambo jingine linaloweza kupindua uamuzi wako ni kama utachapa kabla ya kukata au baada ya kukata. Ukichapa kitambaa kizima, mchoro huvuka mishono na kazi huonekana ya dukani kwa maana nzuri, ila mchoro wenye juu na chini, kama miti au ndege waliosimama, unadai kitambaa zaidi, kwani vipande vyote vitakatwa vikielekea upande mmoja. Ukichapa vipande vilivyokatwa, unachagua mahali pa kila ua na hupotezi kitu. Katika hali hiyo chapa ipite kidogo nje ya mstari wa mshono pale ambapo unataka mchoro uonekane unaendelea. Njia ya kwanza inaegemea mbao na raba iliyogandishwa. Ya pili inaegemea jani na linoleum.

Kwa zote tano kumalizia ni kumoja. Acha rangi ikauke siku nzima, kisha piga pasi kavu kwa joto la pamba, kitambaa kingine kikiwa juu ya mchoro, dakika 3 hadi 5 kila mahali, au kama chupa inavyoelekeza. Wino wa mafuta usiupige pasi hivyo. Ungoje ukauke wenyewe. Usifue kwa wiki moja hivi.

Kwa hali yako

Kama unashona zawadi moja na una mmea unaoupenda, chukua jani. Chapa vipande vyako vya majaribio kwanza, kwani kila aina ya jani ina kiasi chake cha rangi.

Kama hujui bado rangi gani zinakaa pamoja, au umbo likae umbali gani na jingine, tumia kiazi kwenye bafta kuukuu, uamue, ndipo uchonge kitu cha kudumu.

Kama unataka foronya sita zinazolingana, mikoba ya kuuza kwa idadi ndogo, au nguo za mtoto, raba itakuhudumia vizuri. Kwa nguo za mtoto mdogo angalia maelezo ya rangi yenyewe kama inafaa kuguswa na ngozi. Hilo ni la muhimu kuliko aina ya chapa.

Kama moyo wako uko kwenye picha, bundi mmoja mwenye kila unyoya mahali pake, na unaweza kusubiri wino ukauke, linoleum itakulipa.

Kama una mita nyingi mbele yako, au unapanga kurudia mchoro ule ule mwaka hadi mwaka, tafuta mbao. Ukiwa huna ujuzi wa patasi, anza na iliyochongwa tayari, na ununue mbili zinazoshirikiana: moja kubwa ya tawi, na moja ndogo ya mbegu au chipukizi ya kujazia nafasi na pindo.

Kama utatonea kwa mkono, weka kigezo cha mguso juu ya vingine vyote. Jani na mistari myembamba ya linoleum huiacha sindano ipite. Kiazi na maumbo yaliyojaa huizuia. Kwa cherehani tofauti hiyo hupungua, ingawa sindano mpya yenye ncha kali bado inahitajika.

Kama mikono yako inauma au haina nguvu, acha linoleum na kuchonga mbao. Raba, jani na mbao ya kununua zinabaki, na kwa hizo tatu unaweza kujaza kabati zima.

Hakuna sharti la kushika moja. Mandhari ya majani halisi yaliyofifia, juu yake ndege wa raba kwa rangi iliyokolea, na pindo la mbao kuzunguka ukingo vinaweza kukaa kwenye mto mmoja. Sharti ni mpangilio: kilichofifia kitangulie, kikauke, kisha kifuate kilichokolea.